Kusafiri mkoa kwa mkoa kwa gari dogo wakati wa masika: kabla ya kupanda na ukiwa njiani

Dereva wa Noah anayetoka Morogoro kwenda Dodoma analipwa kwa safari, si kwa saa. Akiwahi kufika anapata abiria wa kurudi. Akichelewa, hesabu ya tajiri, yaani pesa anayompelekea mwenye gari, iko palepale. Ndiyo maana maji yakikatiza barabara, dereva na abiria hawaoni kitu kimoja: abiria anaona mto, dereva anaona nauli ya kurudi ikimponyoka. Basi kabla hujainama kutazama tairi, zungumza pesa.

Yanayofuata yanahusu Noah, Probox, mchomoko (gari dogo la kuchangia) na teksi ya kukodi spesho, yaani gari zima kwa ajili yako, Tanzania na Kenya. Pwani, kaskazini mwa Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya, miezi ya kuangaliwa ni Machi hadi Mei, kisha vuli ya Oktoba hadi Desemba. Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya na Ruvuma zina msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili.

Pesa ya kusubiri

Ukikodi spesho, mpe dereva sababu ya kusimama. Mnapokubaliana nauli, ongezeni mambo matatu: mkikuta maji yanayotembea juu ya barabara, gari linasimama na kila saa ya kusubiri ina malipo yake, mkilazimika kulala njiani, chumba na chakula cha dereva ni juu yako, mkigeuza, analipwa kilomita alizoendesha, kwenda na kurudi. Tuseme nauli ni shilingi 300,000 kwa safari ya saa 6. Hiyo ni 50,000 kwa saa, lakini gari lililosimama halinywi mafuta wala halili tairi, kwa hiyo 10,000 hadi 15,000 kwa saa ya kusubiri ni haki kwa wote wawili. Yaandike kwenye ujumbe wa simu ili kila mmoja abaki nayo. Tanguliza pesa ya mafuta tu. Nyingine utalipa mkifika. Dereva aliyekwisha kulipwa yote hana cha kumfanya akusikilize.

Kwenye gari la kuchangia huwezi kuweka masharti hayo peke yako. Unachoweza ni kuongea na wenzako wa kiti cha kati kabla gari halijajaa. Sauti moja ikisema "simama" huitwa uoga, lakini zikiwa tatu dereva anasimama. Na wapiga debe usiwasikilize kuhusu hali ya barabara. Wao hulipwa gari likiondoka, na kwao njia ni nyeupe siku zote.

Gari lenyewe, dakika kumi kabla ya kulipa

Anza na namba. Tanzania, gari la biashara lina kibao cheupe. Cha njano ni gari la mtu binafsi. Njano inayobeba abiria kwa nauli haina leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima yake iliandikwa kwa matumizi binafsi. Likipinduka, kampuni ya bima ina hoja ya kukataa madai yako. Stika ya bima unaweza kuihakiki kwa simu kupitia TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima. Kenya rangi ya kibao haikuambii chochote, kwa hiyo uliza leseni ya PSV (gari la abiria) na stika ya bima iliyo kwenye kioo cha mbele.

Kisha inama kwenye tairi, na hapa usione haya kuchukua muda wako. Chomeka njiti ya kiberiti kwa kuilaza ndani ya mfereji wa tairi. Unene wake ni milimita 2 hivi. Ikijitokeza juu ya kashata, yaani vitalu vya mpira kati ya mifereji, hiyo tairi imekwisha kwa mvua, hata kama trafiki ameipitisha. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira vinavyoashiria kina cha milimita 1.6, kashata ikilingana navyo, hicho ni kipara. Kwa masika tafuta milimita 3 au zaidi, hasa tairi za nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza gari huzunguka na dereva hana la kufanya. Ubavuni soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyopita miaka sita mpira wake umekauka, haung'ati lami yenye maji hata kama kashata bado ni ndefu. Hili ni muhimu kwetu kwa kuwa tairi nyingi za mtumba huuzwa zikiwa na kashata nzuri na umri mkubwa.

Waipa: mwombe dereva amwage maji kwenye kioo kisha awashe. Zikiacha mistari mbele ya macho yake, mpira umekatika, na mpira mpya ni wa bei ndogo kuliko chakula chenu cha njiani. Angalia taa za mbele zote mbili, taa za breki (simama nyuma, yeye akanyage), halafu spea tairi, jeki na spana ya gurudumu. Spea isiyo na upepo ni jambo la kawaida sana. Ibonyeze kwa kidole gumba, kisha igonge kwa spana usikie kama inadunda.

Uliza pia kama kiyoyozi kinafanya kazi. Si kwa ajili ya joto. Watu saba waliolowa wakifungiwa ndani, kioo hujaa ukungu ndani ya dakika chache na dereva anaendesha huku anafuta kwa kiganja. Kiyoyozi hukausha hewa: kiwashwe pamoja na hewa ya moto, kielekezwe kwenye kioo, na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kizimwe ili hewa iingie kutoka nje. Kama ni kibovu, madirisha mawili ya mbele yafunguliwe sentimita 2 hivi, na kioo kipakwe sabuni ya maji kidogo kwa ndani kisha kifutwe kwa kitambaa kikavu mpaka kiwe safi. Sabuni huzuia matone ya ukungu yasishike.

Na dereva? Muulize alilala wapi jana, na kama hii njia ni yake. Deiwaka, dereva wa kushikia kwa siku, aliyeshika gari asubuhi ile hajui karavati lipi hufurika.

Kiti: chagua cha kati chenye mkanda unaofunga, karibu na dirisha linalofunguka. Noah nyingi za zamani zina mlango wa kuteleza upande mmoja tu, na madirisha ya kiti cha nyuma kabisa hayafunguki. Anayekaa kule anategemea watu watatu wa mbele yake watoke kwanza. Kukaa buti ya Probox na mizigo ni kukubali kutokuwa na mlango kabisa, kwani mlango wa nyuma hauna kishikio cha ndani cha kufungulia.

Saa ya kuondoka

Bara, mvua kubwa nyingi hunyesha alasiri na jioni, baada ya jua kuipasha ardhi moto. Pwani, masika hupenda kushuka usiku na alfajiri. Kwa hiyo anayetoka Iringa kwenda Dodoma aondoke saa 12 asubuhi na awe amefika kabla ya saa 8 mchana. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Lindi baada ya usiku wa mvua asubiri kupambazuke vizuri, asikie kwanza habari za walioko mbele. Usiku wa mvua usisafiri kwa gari dogo. Gizani lami yenye maji na lami iliyokatika zinang'aa sawasawa.

Tazama utabiri wa siku tano wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, au wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Ramani ya TMA hupakwa rangi: njano ni ya kuangalia, chungwa ahirisha kama unaweza, nyekundu usitoke. Lakini utabiri hauoni karavati. Mtu anayeliona ni wakala wa basi katika mji wa katikati ya njia yako, au madereva wa malori kwenye mizani waliotoka huko unakokwenda. Waulize maswali ya macho: umepita saa ngapi, maji yalifika wapi kwenye gurudumu, yalikuwa yanatembea? "Panapitika" halina maana likitoka kwa mwenye lori la tani 30.

Jambo moja linawaponza wengi: mto hufurika baada ya mvua, tena mahali pasiponyesha. Maji ya milimani huchukua saa kadhaa kufika bondeni, na yanaweza kukukuta jua likiwaka. Mai Mahiu nchini Kenya, Aprili 29, 2024, maji yalijikusanya juu, nyuma ya tuta la reli ambalo karavati lake lilikuwa limeziba, kisha yakapasua usiku na kushuka kwa watu waliolala. Karavati lililoziba kwa magogo na taka hugeuka bwawa. Ukiona upande mmoja wa barabara kuna ziwa na upande wa pili pakavu, mwambie dereva apite haraka au asipite kabisa, ila asiegeshe hapo.

Sehemu zenye historia zijue kabla. Kati ya Morogoro na Dodoma, daraja la Dumila lilibomolewa Januari 2014 na barabara ilikatika Kiyegeya, Gairo, Machi 2020. Kwenda Lindi, maeneo ya Somanga yalikatika Mei 2024 wakati wa Kimbunga Hidaya. Kati ya Kilifi na Malindi, daraja la Mbogolo lilisombwa Novemba 2023. Pengi pamejengwa upya, lakini bonde lililoleta maji mwanzo bado lipo. Kwenye maeneo kama haya, simama kabla ya kufika, uliza, ndipo uendelee.

Mvua ikiwakuta

Dakika 20 za kwanza baada ya siku nyingi za jua ndizo zenye utelezi mbaya kuliko zote. Mafuta, vumbi na mpira uliosagika huchanganyika na maji kidogo na kuwa ute. Mvua ikikaza, ute unasafishwa, na hapo inaanza hatari nyingine: tairi kupanda juu ya maji. Mifereji ya tairi ina kazi ya kusukuma maji pembeni, na ina kikomo. Kwa tairi zilizolika na maji yaliyotuama kwenye mabonde yaliyochimbwa na magurudumu ya malori, kilomita 80 kwa saa zinatosha kuliinua gari. Usukani unakuwa mwepesi ghafla na injini inanguruma bila gari kuongeza mwendo. Dereva asikanyage breki wala asikate usukani. Aachie mafuta, ashike usukani wima, asubiri tairi zishuke. Kwa hiyo 80 inayoruhusiwa kukiwa kukavu ishuke hadi 50 au 60, na nafasi na gari la mbele iwe sekunde 4 kuanzia linapopita nguzo fulani hadi mnapoifikia ninyi.

Taa za mbele za mwanga wa chini ziwashwe mchana kweupe. Hazadi (indiketa zote zikimweka pamoja) ziachwe. Kuwasha hazadi huku gari linatembea ni desturi mbaya iliyozoeleka: anayekufuata hajui tena kama umesimama, na indiketa yako haionekani. Kwenye ukungu wa Makambako au Limuru taa kubwa nazo hazifai, mwanga wake hugonga ukungu na kumrudia dereva machoni.

Waipa zikishindwa hata kwa kasi ya juu kabisa, acheni barabara kabisa, mwingie kituo cha mafuta au uwanja wa duka. Bega la barabara si mahali pa kusubiri. Lori linalofuata taa zenu nyekundu litawafuata hukohuko. Kwenye miteremko kama Kitonga au Sekenke gari lishuke kwa gia ndogo, breki ziguswe kidogo kidogo. Usikubali kuegesha chini ya ukuta wa mlima uliochongwa. Vijiwe vinavyodondoka, maji ya udongo yakitoka katikati ya ukuta na mti au nguzo iliyoinama vibaya ni dalili kwamba udongo unajiandaa kushuka.

Maji juu ya barabara

Maji yanayotembea hayapitwi na gari dogo, hata yakionekana mepesi. Hesabu yake ni hii. Probox ina urefu wa mita 4 na kidogo na upana wa mita 1.7, yaani eneo la mita 7 za mraba hivi. Maji yakipanda sentimita 10 juu ya sakafu yake, yanainyanyua kwa nguvu ya zaidi ya nusu tani. Gari lenyewe ni tani moja na kidogo. Sentimita 20, tairi hazishiki chini tena, na mkondo unalipeleka unakotaka. Sakafu yake iko sentimita 15 hadi 20 tu kutoka ardhini. Sentimita 30 za maji zinaanza kuliondoa gari dogo, 60 zinachukua hata Land Cruiser, na mtu mzima anaweza kuangushwa na 15 zinazokwenda kasi.

"Mbona Fuso limepita?" Fuso lina uzito mara kadhaa na sakafu yake iko juu ya kiuno chako, maji yanapita chini yake. Halafu hata ukubwa una mwisho. Desemba 4, 2021, kwenye Mto Enziu karibu na Mwingi, basi lililobeba waumini liliingia kwenye maji yaliyofunika daraja huku watu wakitazama ukingoni. Zaidi ya 30 walikufa.

Tena maji hayaonyeshi kilichopo chini. Mkondo unaporuka barabara hula udongo upande wa kutokea, chini ya lami, na lami inabaki kama dari juu ya shimo. Hata maji yakishuka, mtu ashuke kwa miguu, atazame ukingo wa upande wa chini: udongo ukiwa umeliwa ndani ya mstari wa lami, gari lisipite.

Maji yaliyotuama ni jambo jingine, na hapo pana nafasi ya kupita kwa masharti. Kina kiwe chini ya sakafu ya gari, mjue barabara inapita wapi kwa nguzo za pembeni au alama nyingine, na gari lingine dogo liwe limepita mbele ya macho yenu. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, mafuta yakanyagwe sawasawa bila kubadili gia, katikati ya barabara ambako pameinuka. Msiingie lori likiwa linakuja upande wa pili, wimbi lake litapanda juu ya boneti. Mkitoka, dereva akanyage breki kidogo mara tatu nne akiwa mwendo mdogo, kwa sababu breki zilizolowa hazishiki.

Injini ikizimika ndani ya maji, isiwashwe tena. Hapa ndipo injini nyingi hufa. Maji yakishaingia kwenye silinda kupitia bomba la hewa hayabanwi kama hewa; starta ikizungusha, pistoni inayapiga na konrodi inapinda. Gari lisukumwe nje, na fundi atoe plagi kwanza maji yatoke.

Gari likianza kuelea

Usipige simu. Dirisha linafunguka kwa muda mfupi tu, kabla maji hayajafika kwenye kioo. Baada ya hapo mlango hausukumiki kwa uzito wa maji ya nje. Mpangilio ni huu:

1. Fungua mkanda wako, kisha wa mtoto.
2. Teremsha dirisha mara moja. Umeme wa gari kwa kawaida hufanya kazi kwa muda mfupi hata ndani ya maji.
3. Lisipofunguka, vunja kioo cha pembeni kwenye kona ya chini, si katikati. Chomoa kiegemeo cha kichwa na utumie ncha za vyuma vyake. Kioo cha mbele usipoteze nguvu zako, kimegandishwa tabaka mbili.
4. Toa watoto kwanza, mkubwa hadi mdogo, kisha utoke. Pandeni juu ya paa kama gari limekwama; mkondo ukiwachukua, lala chali, miguu itangulie, uelekee ukingoni kwa mshazari.

Kufuli ya watoto ya milango ya nyuma izimwe kabla ya safari ya masika. Mizigo muiache.

Mkikwama, au njia ikikatika

Kwenye tope, abiria wote washuke. Wanaosukuma wakae pembeni mwa gari, si nyuma ya gurudumu linalozunguka, linatupa mawe. Kama kuna pampu, tairi za kuvuta zipunguzwe upepo hadi 18 au 20 psi ili zitanuke, na zijazwe tena kabla ya kurudi lami. Vijana wa kusukuma wako kila penye tope, na bei yao ipatanwe kabla hawajagusa gari.

Begi la kubaki mkononi liwe na lita 2 za maji kwa kila mtu, chakula kikavu, tochi, benki ya chaji, dawa zako za siku tatu ndani ya mfuko wa plastiki na noti ndogo ndogo, kwa kuwa mtandao ukikatika wakala wa pesa hana msaada. Namba za dharura ni 112 Tanzania, na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Kenya ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199.

Barabara ikikatika kabisa, magari hufaulisha abiria: mnashuka, mnavuka kwa miguu, mnapanda gari la upande wa pili. Kubali tu kama pa kuvuka ni pakavu au kuna daraja la watu linalosimamiwa na wasimamizi wa barabara kuu (TANROADS Tanzania, KeNHA Kenya) au jeshi, na dereva wa kwanza akurudishie nauli ya kipande kilichobaki kabla hujashuka, maana akishageuza humpati. Mashua za kuvusha zinazojitokeza siku ileile ni za kukataa kama hazina maboya ya kuvaa kwa kila mtu au zimejaa mizigo na pikipiki. Aprili 2024, maji ya Mto Tana yalipofunika barabara ya Garissa, mashua iliyokuwa ikivusha watu ilipinduka. Ukikosa pa kuvuka salama, lala upande uliopo. Mji wa karibu una gesti, na baada ya mvua kukoma maji mengi ya barabarani hupungua ndani ya siku moja au mbili.